Watu Wawili Waliozamisha Boti Moja

Inspekta Kudra alikuwa na maungamo mawili mezani na hakuna hata moja lililomsaidia. La kwanza lilikuwa la Melkiadi, mkulima wa Murungu na mwenyekiti wa kamati ya watumiaji wa bwawa la Nyarusange, aliyesema ameizamisha boti ya Bwana Pasikali kwa kuitoboa na nondo. La pili lilikuwa la mke wake, Immakulata. Huyu alikuja mwenyewe jana jioni, bila kuitwa, akiwa amevaa nguo za kanisani na kilemba cha njano chenye majani ya kijani. Alisema mumewe hajui lolote. Boti kaizamisha yeye, kwa kuijaza mawe.

"Moses, boti moja inazama mara ngapi?" Kudra aliuliza.

Koplo Moses, msaidizi wake, alidhani swali linataka jibu. "Mara moja, afande. Labda ikiopolewa inaweza kuzama tena."

"Asante sana. Washa gari."

Kesi ingekuwa ndogo kama si siku yenyewe. Mchana huo viongozi na wataalamu wa maji walikuwa wanakuja Murungu kusikiliza ombi la wananchi kuhusu boti hiyohiyo. Haikuwa boti ya kuvulia wala ya kuvushia watu. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na matangi. Yakijazwa maji, boti inazamisha mkia na kuinua wimbi kubwa nyuma yake, kisha mgeni wa lodge ya Pasikali anasimama juu ya ubao na kuteleza kwenye wimbi hilo huku wenzake wakimpiga picha. Mgeni akimaliza, wimbi halimalizi. Linaendelea mpaka ukingoni, linabomoa bustani za vitunguu, linapindua mitumbwi ya watu, na bomba la kijiji linaanza kutoa tope.

Wananchi hawakuomba boti ifukuzwe. Waliomba iwekewe mipaka: ikae mbali na ukingo, ipunguze mwendo, matangi yasijazwe. Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakapitisha ombi kwenye mkutano wa kijiji, wakapigwa kalenda mara nyingi kuliko walivyoweza kukumbuka. Leo ndiyo walikuwa wamepewa nafasi, na mwenyekiti wao yuko mahabusu. Diwani alishatamka wazi kwamba hakuna kikao kitakachosikiliza watu wanaoandika maombi kwa mkono mmoja na kuvunja mali kwa mkono wa pili. Melkiadi akishtakiwa, ombi limekufa.

Kudra alijua hayo yote na yalimkera. Alikuwa mtu wa Kasulu, amekulia kwenye vilima hivihivi, na hakupenda kuona kesi ya polisi ikitumika kama rungu la mtu mwingine. Lakini kilichomkera zaidi ni hao wawili wenyewe. Miaka yote ya kazi alikuwa akihangaika kupata watu wakiri. Leo amepata wa bure, na wote wanadanganya.

*

Boti ilikuwa imevutwa kwa trekta hadi kwenye nyasi mbele ya lodge. Bwana Pasikali alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni. Alikuwa mkandarasi aliyerudi nyumbani na mali, na alivaa kofia ya jua hata kulipokuwa na mawingu.

"Inspekta, sielewi unarudi kutafuta nini," alisema. "Mtu amekiri. Mlinzi wangu alimkuta jana alfajiri ndani ya maji, amelowa mpaka kifuani, ameshika boti, kisha akatimka. Mnataka awaimbie?"

"Boti ilikuwa imeshazama alipomkuta?"

"Pua tu ndiyo ilikuwa nje."

"Basi alimkuta na boti iliyozama. Hakumkuta akiizamisha."

"Na kizibo je?" Pasikali aliinama nyuma ya boti na kuonyesha tundu dogo chini kabisa. "Hapa panakaa kizibo. Tumevuta boti, kizibo hakipo. Nani alikitoa, samaki?"

Kudra alipiga magoti. Kwanza alipitisha kiganja kwenye mwili wote wa boti, kuanzia mkia hadi pua, upande huu na upande ule. Hakukuwa na tundu la nondo wala mkwaruzo wa nondo. Kisha alichungulia ndani. Hakukuwa na jiwe hata moja, isipokuwa labda lile lililokwama moyoni mwa Immakulata.

Akarudi kwenye tundu la kizibo na kuingiza kidole. Kilitoka na grisi, safi, inayong'aa. Akaagiza kizibo chenyewe kitafutwe. Kijana wa lodge alikikuta kwenye nyasi, si mbali na pale. Nacho kilikuwa safi.

"Boti hii ililala juu ya tope," Kudra alisema. "Tazama tumbo lake, limepakwa tope kote. Kizibo kingetolewa majini, tope lingeingia kwenye nyuzi za hili tundu. Halikuingia. Kizibo kimetolewa hapa, juu ya nyasi, baada ya boti kuvutwa. Na aliyekitoa alifanya jambo la akili, alitaka maji yatoke."

"Mimi si fundi," Pasikali alisema.

"Najua. Ulisema kwenye maelezo yako kwamba boti haijawahi kusogelea ukingo wa ng'ambo, kule kwenye mashamba."

"Haijawahi. Hayo mawimbi wanayolalamikia ni ya upepo. Hata kamati ikija na maprofesa, hawawezi kuonyesha kitu kimoja cha ukingoni kilichoguswa na boti yangu."

"Moses," Kudra alisema bila kugeuka, "leta spana. Tunafungua pampu ya matangi."

Pasikali alianza kusema kwamba pampu ni ya bei na haifunguliwi ovyo. Kudra alimwambia ni kielelezo, na kielelezo kinafunguliwa na polisi. Koplo Moses alihangaika na nati, akatukana nati moja kwa sauti ya chini, mfuniko ukatoka. Harufu iliyoruka iliwafanya wote watatu warudi nyuma.

"Afande, huu ni..."

"Ni muhogo, Moses. Nimelelewa kwa ugali wake."

Pampu ilikuwa imezibwa na rojo jeupe na nyuzi za muhogo uliovundikwa. Katikati ya rojo, kimezungushwa kwenye mapanga ya pampu kama uzi kwenye kibiringo, palikuwa na kipande cha kitenge. Kudra alikivuta polepole kwa kibano na kukisuuza. Kilikuwa cha njano, na kwenye pembe palionekana nusu ya jani la kijani.

Alitazama ng'ambo ya bwawa. Kule ukingoni, wanawake wa Murungu walikuwa na vishimo vyao vya kuvundikia mihogo. Ndivyo inavyofanyika nyanda hizi: unamenya, unaiweka majini mpaka ilainike na sumu itoke, kisha unaianika na kuisaga. Kila mwanamke ana kishimo chake na kijiti chenye kitambaa kutoka nguo yake mwenyewe. Hakuna mlinzi, kwa sababu hakuna anayegusa mihogo yenye kitambaa cha mwenzake. Akiigusa, anasemwa mpaka kanisani. Kitambaa hicho ni jina la mtu, na kila mume wa Murungu anakijua cha mkewe hata gizani.

"Lo!" Kudra alisema, na safari hii hasira yake ilijua pa kwenda. "Hawa watu wataniua."

*

Nahodha wa boti aliitwa Sylvestre. Kudra alimkuta nyuma ya jiko la lodge, ameketi juu ya kreti la soda, anasugua ubao wa kutelezea ambao tayari ulikuwa unang'aa. Aliposimama, alisimama haraka mno.

"Mama komanda, miye sijui kitu," alisema kwa Kiswahili cha Kongo.

"Sijakuuliza kitu. Kizibo ulikitoa lini?"

"Bale batu ba kamati ndio..."

"Sylvestre. Grisi ni safi. Ulikitoa wewe, boti ikiwa juu ya nyasi. Hilo si kosa. Kosa ni kunipotezea asubuhi."

Nahodha alitazama kule mbele alikokuwa bosi wake. Kisha akaongea kwa sauti ya chini. "Mama, miye natokea Nyarugusu, kambi ya bakimbizi. Siko na karatasi ya kutoka kambini. Patroni alisema nikifungua kinywa, ataita bale ba uhamiaji bakuje kunikamata. Niko na muke na batoto kule kambini. Bananingojea miye."

"Mimi napeleleza boti iliyozama. Faili la karatasi zako sijaletewa na sijaliomba. Ulijaza matangi?"

"Nilijaza."

"Yote?"

"Yote. Juzi, siku ya Mungu, wageni balikuwa bengi. Patroni akasema, Sylvestre, jaza yote, wimbi ikuwe kubwa, tena tupite karibu ya bamama kule ng'ambo, wageni bapige foto. Tukapita. Bamama balipiga kelele. Wimbi ilibeba vitu vyao yote, maji ikakuwa meupe kama maziwa. Halafu patroni akasema ongeza tena maji kwa tangi. Palepale. Nikawasha pompi, pompi ikanywa ile maji."

"Ikanywa na mihogo."

"Ndiyo, mama. Kurudi kwa lodge, nikitaka kumwaga maji, pompi inakataa. Nikamwambia patroni boti itazama. Akasema, kesho. Wageni bananingoja kwa mezani."

"Na usiku mvua ikanyesha."

"Mvua kali! Boti ilikuwa imeshiba tayari. Haikuzamishwa na mutu."

Moses alikuwa anaandika maelezo hayo kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kudra alimtaka nahodha ayasikilize yakisomwa, ayasahihishe anapotaka, aweke sahihi. Sylvestre aliweka sahihi ndefu yenye mikia, ya mtu aliyewahi kusoma, kisha akauliza kama sasa atafungwa.

"Kwa kosa gani?" Kudra alisema. "Kumtii mjinga si kosa la jinai. Lingekuwa kosa, magereza yasingetosha."

Pasikali alimsubiri kwenye gari. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko mwanzo, na utulivu huo haukumfurahisha Kudra hata kidogo.

"Inspekta, mimi ni Mkristo," alisema. "Nimeshamsamehe Melkiadi. Nilimpelekea chai leo asubuhi, tukaongea kiutu uzima. Ameweka sahihi kuondoa lile ombi la kamati, na mimi naondoa malalamiko. Karatasi iko kwa diwani tayari. Jambo limekwisha. Hakuna haja ya kusumbua watu na pampu."

Kudra alimgeukia Moses. Koplo alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

"Alisema amemletea chai tu, afande, nikamruhusu aingie," Moses alisema. "Na kweli ilikuwa chai. Niliionja."

*

Njia nzima ya kurudi Kudra hakusema neno, na Moses aliona heri angetukanwa. Walipofika, Kudra aliagiza Melkiadi na Immakulata waletwe chumba kimoja na waketishwe benchi moja. Tangu jana alikuwa amewatenganisha kama utaratibu unavyotaka. Waliketi pembeni mwa benchi, kila mtu na ncha yake, wakatazama mbele kama watu waliokutana hospitali.

Kudra aliweka pampu mezani. Harufu ikajaza chumba. Juu ya pampu akaweka kipande cha kitenge.

Immakulata alishika kilemba chake. Melkiadi alifumba macho.

"Mzee Melkiadi," Kudra alisema, "ulisema uliitoboa boti kwa nondo. Haina tundu. Mama Immakulata, ulisema uliijaza mawe. Haina jiwe. Nimebaki na waongo wawili na sina muda. Mzee, alfajiri ile uliingia majini kufanya nini?"

Melkiadi alijipangusa magoti.

"Nitakusaidia. Ulipita na jembe lako kwenda shamba, ukaona boti imezama. Juu ya maji, upande wa mkia, ukaona kinaelea kitambaa cha mama, kimenasa kwenye bomba la boti. Ukaingia ukakichomoa kabla watu hawajaamka. Kilichobaki ndani ya pampu hukukiona."

"Nilikifukia shambani," Melkiadi alisema hatimaye. "Huyu mke wangu, Mama Ndayikeza, alikuwa amesema. Wimbi lilipobeba mihogo yake alisema mbele ya watu, nitaizamisha ile boti kwa mikono yangu. Nikaona kitambaa. Ningefanya nini, mkuu? Wakimkamata, watoto watabaki na nani?"

"Yooo!" Immakulata alisimama. "Yaani ulidhani ni mimi?"

"Kitambaa kilikuwa chako!"

"Na wewe ulirudi nyumbani asubuhi umelowa kama kuku, hunitazami, umebeba jembe lenye udongo mbichi! Nikasema, basi ameizamisha huyu, na hata kuficha hajui. Nikavaa nguo za kanisani nikaja kulala sero kwa ajili yako!"

"Nilikutuma mimi uje?"

"Na mimi nilikutuma?"

"Kaeni chini!" Kudra alipiga meza mpaka pampu ikaruka. "Wote wawili! Hakuna aliyezamisha boti. Mmenielewa? Hakuna! Ilijazwa maji na mwenyewe, ikameza mihogo ya mama, ikashindwa kuyatoa maji, ikanyeshewa mvua, ikazama. Mngekaa kimya kila mtu kwake, jana ileile ningekuwa nimemaliza. Lakini hapana, mmeng'ang'ania kupendana!"

Moses alijifanya anatafuta kalamu.

"Kuna lingine," Melkiadi alisema. Alionekana mzee ghafla. "Asubuhi nilisaini. Pasikali alikuja na chai. Alisema nikiondoa ombi, Mama Ndayikeza haguswi. Nikakataa. Ndipo akasema, nyinyi wazazi wenu walitoka Burundi, uraia mlipewa tu, na mlichopewa kinaweza kuangaliwa upya. Nikawafikiria watoto. Nikasaini."

Immakulata aliketi tena, polepole. Alimtazama mumewe kwa muda, na macho yake yalilengwa na machozi, ila hayakuanguka.

"Mimi nimezaliwa hapa," alisema. "Nimemzika mama yangu hapa. Mihogo yangu inalala majini bila mlinzi hapa. Huyo mwanamume ananiangalia upya mimi?"

"Hawezi," Kudra alisema. "Uraia haufutwi na mwenye lodge. Alikutisha, mzee, na hilo nitalifungulia faili lake lenyewe. Lakini karatasi iko kwa diwani, na kikao kinaanza. Nitapeleka taarifa kwamba hakuna kosa lililotendwa. Kurudisha ombi siwezi. Hiyo si kazi ya polisi."

"Ombi halijaondoka," Immakulata alisema.

"Amesaini mwenyekiti, mama."

"Ombi lilipitishwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti haliondoi peke yake kama anaondoa sufuria jikoni. Inatakiwa sahihi ya makamu."

"Na makamu ni nani?"

Immakulata alikuwa tayari anafunga kilemba upya, anakikaza. "Ni mimi. Walinichagua kwa sababu huyu anaogopa kuongea mbele ya wakubwa."

"Watauliza ushahidi," Kudra alisema. "Pasikali atasema boti yake haijawahi kufika upande wenu, na kwamba yale ni mawimbi ya upepo."

"Mihogo yangu itasema imefikaje ndani ya boti yake. Naomba hilo dude."

"Kielelezo hakitoki mikononi mwa polisi."

"Basi mkuu, njoo nacho. Ukiulizwa, utajibu. Wewe si umeapa kusema kweli?"

Kudra alimtazama mwanamke huyu aliyemchosha tangu jana, akaona hakuna kifungu cha sheria kinachomkataza askari kukaa kwenye mkutano wa hadhara akiwa na pampu mapajani. Aliandika maneno machache kwenye jalada, akaligonga muhuri, akamwambia Moses arudishe mkanda na viatu vya mzee na kuleta gari mlangoni.

Nje jua lilikuwa kali. Immakulata alipanda kiti cha mbele bila kuuliza, kama kilikuwa chake tangu gari linunuliwe. Kudra alipanda nyuma na pampu yake inayonuka, iliyofungwa kwenye mfuko wa vielelezo. Moses alikuwa anakanyaga mafuta wakati Melkiadi alipotoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akashika dirisha.

"Mama Ndayikeza! Na mimi?"

"Wewe uko huru," Immakulata alisema. "Tembea."

"Lakini mimi ndiye mwenyekiti! Lazima niwepo, nikulinde wakianza kukushambulia!"

Immakulata alitoa mkono wake dirishani, akabandua vidole vya mumewe kimoja kimoja, bila hasira.

"Baba Ndayikeza," alisema, "nimechoka kuokolewa."

Moses aliachia klachi.